Tendo la Pili

Kila Alhamisi kiti kile hubebwa kichwani
kutoka kwa kina Ngumbao hadi kwa Mama Syokau,
kutoka kwa Mama Syokau hadi kwetu,
Chaani, nyuma ya yadi ya makontena.
Kiti cha plastiki, kijani, chenye ufa
uliokuwa ukimfinya dada yangu paja
akaguta katikati ya Baba Yetu
hata katekista akakohoa.
Siku hizi hakimfinyi mtu.
Tunaweka juu yake chupa ya chai,
simu tunaiegemeza kwenye chupa,
ndiyo Wakesho amefika.

Mimi ndiye mshika simu.
Mimi ndiye mnunuzi wa bando,
mjua ni lini mtandao umekufa
na ni lini yeye mwenyewe amenyamaza.
Si kitu kimoja.

Yuko Riyadh, jikoni mwa watu.
Saa yake ni saa yetu, hiyo tumegawiwa bure:
saa moja kasorobo hapa, saa moja kasorobo kule,
akiosha sufuria zao nasi tunaosha zetu.
Lakini sauti hawezi kuitoa.
Kuta za huku zina masikio, alisema mwezi wa kwanza,
na zaidi ya hapo hakusema.
Basi jumuiya ikakaa, ikabishana,
ikaahirisha hata habari ya mchango wa paa,
ikaamua: tendo la pili liwe lake.

Arusi ya Kana. La maji.

Tukifika hapo tunanyamaza.
Zile Salamu Maria kumi hakuna anayezisali hapa,
anazisali yeye, kimoyomoyo,
na sisi tunachosikia ni bomba,
sahani juu ya sahani,
kijiko kimeanguka.
Mama Syokau huhesabu kwa vidole.
Anavyo tisa. Cha kumi kilibaki kwenye mashine ya katani, Vipingo,
kwa hiyo Salamu ya kumi hugusa pua.
Pua ikiguswa, tunaanza la tatu.
Watoto hucheka. Tumewaachia wacheke.

Mara nyingine ndege hupita chini ikienda kutua,
mabati yakatetemeka, chai ikatetemeka,
na mama akainua macho kuifuata darini
kama mtu anayesoma namba ya gari.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kidole cha nne.
Tukasikia kandambili zikija.
Si zake. Za mtu mzito, mzee, anayeburura mguu:
yule Bibi anayemwogesha.
Bomba likafungwa.
Kimya kile hadi leo sijui nikiite nini.
Kikombe cha Ngumbao kilisimama njiani,
kati ya kisahani na mdomo.
Mama Syokau alishika kidole chake asikiachilie.
Changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu.
Mama akanitikisia kichwa: ngoja.

Kisha bomba likafunguliwa,
si kama afunguavyo mtu wa kuosha vyombo.
Hadi mwisho.
Maji yakanguruma kama masika juu ya makontena
na ndani ya mngurumo ule,
kwa mara ya kwanza tangu aondoke,
sauti ya dada yangu, kavu, ya kawaida, yenye mafua:
Salamu Maria.
Ya tano. Ya sita.
Kandambili hazikuondoka.
Syokau alisahau pua. Tulipita kumi,
nadhani tulipita hata kumi na tano,
hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuanza la tatu.

Usiku wa manane ujumbe ukaingia:
Bibi anauliza, wale ni kina nani wanaosubiri?
Nikaandika: Jumuiya ya Mtakatifu Anna, Chaani. Nikafuta.
Nikaandika: kanisa. Nikafuta.
Nikaandika: mwambie ni sisi.
Tiki moja ikaingia,
bando likaisha.